Jeni Inayotengua Kazi ya Dawa: MGMT na Uvimbe wa Ubongo

Wagonjwa wawili wanaweza kuugua uvimbe wa aina moja katika ubongo, wakapasuliwa na daktari yuleyule, wakapigwa mionzi ya kiwango kilekile na kumeza dawa ileile, kisha mmoja akakaa karibu miaka miwili akiwa bado anapanda daladala kwenda kazini Posta, ilhali mwenzake anarudishwa wodini kabla ya miezi sita kwisha. Hapa Dar es Salaam tofauti ya namna hiyo haikosi maelezo. Nimesikia ikisemwa kwamba dawa ilikuwa feki, kwamba ndugu walichelewa kumleta, kwamba kuna mkono wa mtu, au kwamba mgonjwa mwenyewe alikata tamaa mapema. Kuchelewa ni jambo la kweli na dawa feki zipo, lakini kwa uvimbe uitwao glioblastoma sehemu muhimu ya tofauti hiyo imo ndani ya seli za uvimbe wenyewe, katika jeni moja inayojulikana kwa herufi nne: MGMT. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia, na vinyama vinavyotolewa wakati wa upasuaji wa ubongo hupita mikononi mwangu kabla daktari bingwa hajaviangalia kwenye hadubini. Nimeona niieleze jeni hii kwa kirefu kwa sababu majibu yake huandikwa kwa lugha ya wataalamu, na wanaotakiwa kuyafanyia uamuzi wa fedha ni ndugu wa mgonjwa.

Glioblastoma ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa saratani zinazoanzia ndani ya ubongo kwa watu wazima, na Shirika la Afya Duniani huiweka katika daraja la 4, ambalo ni la juu kabisa kwa ukali. Hujitokeza kwa maumivu ya kichwa yasiyotulizwa na panado, au kwa degedege la mara ya kwanza kwa mtu wa makamo ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake, au kwa mabadiliko ya tabia ambayo nyumbani huchukuliwa kuwa ni jeuri tu. Seli zake hujipenyeza katikati ya seli nzima za ubongo, kiasi kwamba hata daktari akiondoa kila kinachoonekana kwenye picha ya MRI, nyingine hubaki bila kuonekana. Ndiyo maana upasuaji, ambao hapa mjini wengi huujua kupitia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hufuatiwa na mionzi, na mionzi kwa wagonjwa wengi wa nchi hii maana yake ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni. Tiba ya kawaida ni mionzi ya grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi) inayogawanywa katika vipindi 30, siku tano kwa wiki, na hivyo mtu aliyetoka Kigoma au Mtwara hulazimika kufikia kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto kwa wiki sita nzima. Sambamba na mionzi hiyo hutolewa dawa ya kumeza iitwayo temozolomaidi.

Dawa hii ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, Uingereza, na Malcolm Stevens pamoja na wenzake katika miaka ya 1980. Sifa yake kubwa ni kwamba molekuli yake ni ndogo na huweza kupenya kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo, mahali ambapo dawa nyingi za saratani haziwezi kufika kwa kiwango cha maana. Haihitaji kuchakatwa na ini ili ianze kazi. Ikiingia tu katika majimaji ya mwili huvunjika yenyewe, na kipande kinachobaki huachia kundi la methili, ambalo si chochote zaidi ya atomu moja ya kaboni iliyoshikana na tatu za hidrojeni. Kundi hilo hunata kwenye DNA ya seli, yaani nyuzi mbili zilizosokotana zinazobeba maelekezo ya seli kwa kemikali nne: guanini, adenini, sitosini na timini. Takribani asilimia 70 ya makundi hayo hunata mahali fulani kwenye guanini ambapo seli huyaondoa bila shida kubwa, na mengine hunata kwenye adenini, ambako pia seli ina njia ya kuyaondoa. Ni sehemu ndogo tu, asilimia 5 au 6 hivi, inayonata kwenye oksijeni ya nafasi ya 6 ya guanini, na ni sehemu hiyo ndogo inayoua.

Namna inavyoua inahitaji kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu bila kuielewa mtu hawezi kuona jeni ya MGMT inaingilia wapi. Kwa kawaida guanini hukaa mkabala na sitosini. Guanini iliyonatwa na methili kwenye nafasi ya 6 hukosa umbo lake la kawaida, na seli inaponakili DNA yake ili igawanyike, badala ya kuweka sitosini huweka timini. Seli ina mfumo wa kusahihisha makosa ya kunakili, nao hugundua mara moja kwamba timini hiyo haistahili kuwa pale. Huikata na kuiondoa. Lakini mfumo huo hurekebisha uzi mpya tu, wakati tatizo limo katika uzi wa zamani, kwa hiyo timini nyingine huwekwa palepale, ikaondolewa tena, ikawekwa tena. Seli inapojaribu kunakili DNA yake kwa mara nyingine ikiwa na matundu hayo, nyuzi zote mbili hukatika, na seli hufa. Kwa maneno mengine, temozolomaidi huiua seli ya saratani kwa kuutumia mfumo wa usahihishaji wa seli yenyewe. Naomba msomaji aukumbuke mfumo huo, maana tutaurudia.

Sasa MGMT. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 10, karibu na mwisho wa mkono wake mrefu, na inatoa maelekezo ya kutengeneza protini ya asidi amino 207, yaani vipande 207 vilivyoungana kama shanga. Protini hiyo hutembea juu ya DNA, na ikikuta guanini yenye methili kwenye nafasi ya 6, hulibandua lile kundi na kulihamishia kwenye mwili wake yenyewe, kwenye asidi amino ya 145, ambayo ni sisteini. DNA haikatwi wala haishonwi; guanini hurudi kuwa guanini kama vile dawa haikupita. Kinachoshangaza ni gharama yake. Vimeng'enya vingi hufanya kazi moja maelfu ya mara bila kuchakaa, lakini protini ya MGMT ni kama njiti ya kiberiti: ikishatumika mara moja haina kazi tena, na seli huitia alama na kuisagasaga. Kila methili moja iliyoondolewa imegharimu protini moja nzima. Hivyo usugu unaoletwa na MGMT ni suala la hesabu kati ya idadi ya vidonda ambavyo dozi imeacha kwenye DNA na idadi ya protini ambazo seli inazo au inaweza kuzitengeneza upya kabla ya kugawanyika. Uvimbe wenye akiba kubwa ya protini hii hutengua kazi ya dozi ya leo kabla ya dozi ya kesho kumezwa.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wenye elimu. Sisi tumezoea habari za usugu kutokana na malaria na kifua kikuu, ambako kimelea hubadilika hadi dawa ikashindwa. Klorokwini iliondolewa katika matumizi kwa sababu hiyo. MGMT haijabadilika. Ni jeni ileile ambayo mimi ninayo na wewe unayo, inayofanya kazi zaidi kwenye ini na kwa uchache kwenye ubongo, na kazi yake halali ni kutulinda. Moshi wa tumbaku una kemikali ziitwazo nitrosamini ambazo husababisha madhara yaleyale ya methili kwenye guanini, na hata mwili wenyewe una kemikali zake za kawaida ambazo mara mojamoja hunata kwenye DNA kwa bahati mbaya. Panya waliofanywa wazaliwe bila jeni hii hufa kwa dozi ndogo ya kemikali za aina hii, uboho wa mifupa yao ukiwa umeharibika. Watafiti wa Japani walikwenda mbali zaidi, na mwaka 1998 walichapisha matokeo ya panya waliokosa MGMT na pia wakakosa sehemu ya ule mfumo wa kusahihisha makosa ya kunakili. Panya hao waliistahimili dozi ambayo ingewaua wenzao, lakini baadaye waliota vivimbe vingi. Jaribio hilo linaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba bila MGMT kinachoua ni usahihishaji, na kwamba seli inayonusurika bila kusahihishwa hubaki na makosa yake.

Ugunduzi wenyewe haukuanzia kwa wagonjwa wa ubongo hata kidogo. Mwaka 1977 Leona Samson na John Cairns waliripoti kwamba bakteria wa E. koli wakizoeshwa dozi ndogo za kemikali ya kunatisha methili, baadaye huistahimili dozi kubwa. Tomas Lindahl, mwanasayansi wa Sweden, pamoja na wenzake walionyesha kwamba bakteria hao hutengeneza protini inayolihamishia kundi la methili kwenye sisteini yake yenyewe na kuishia hapo. Miaka hiyohiyo iligundulika kwamba baadhi ya seli za uvimbe za binadamu haziwezi kurekebisha madhara ya namna hiyo, ilhali nyingine zinaweza. Lindahl alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, kwa kazi zao za namna seli zinavyorekebisha DNA. Kazi ya Modrich ndiyo ile ya mfumo wa kusahihisha makosa ya kunakili. Yaani jukwaa moja liliwakusanya watu waliofafanua pande zote mbili za suala hili, ingawa sina hakika kama wengi waliowapigia makofi walikuwa wakiwafikiria wagonjwa wa uvimbe wa ubongo.

Ikiwa kila mtu ana MGMT, kwa nini basi dawa inawasaidia baadhi? Kwa sababu katika uvimbe wa wagonjwa wengine jeni hii imezimwa. Haijakatika wala haijapotea. Mwanzoni mwake, mahali ambapo seli huanza kuisoma, kuna eneo lenye nafasi 98 ambazo sitosini yake inaweza kuwekewa kundi la methili, na zikiwekewa kwa wingi jeni hufungwa na protini haitengenezwi. Hapa msomaji asishangae kukutana tena na methili. Ni kundi lilelile la kaboni moja na hidrojeni tatu, lakini limekaa mahali pengine na lina kazi nyingine: dawa huliweka kwenye guanini ili kuua, na seli huliweka kwenye sitosini ili kufunga jeni. Daktari anaposema kwamba MGMT ya mgonjwa imemethilishwa, anazungumzia methili ya pili, na hiyo ni habari njema. Jambo lingine ambalo ndugu huniuliza ni kama hali hii hurithiwa, na kama watoto wa mgonjwa wapimwe. Methili hizo zimewekwa ndani ya seli za uvimbe, na jibu la kipimo linaeleza habari za uvimbe huo. Hakuna sababu ya kuwapeleka watoto maabara kwa ajili yake.

Mwaka 2000 Manel Esteller na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 47 wenye uvimbe wa glioma, kundi la vivimbe vya ubongo ambamo glioblastoma imo, waliotibiwa kwa karmustini, dawa nyingine inayoshambulia nafasi hiyohiyo ya guanini. Kati ya 19 ambao jeni yao ilikuwa imefungwa, 12 uvimbe wao uliitikia dawa. Kati ya 28 ambao jeni yao ilikuwa wazi, ni mmoja tu. Kisha ikaja 2005. Roger Stupp na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 573 walioshiriki katika jaribio la kulinganisha mionzi peke yake na mionzi pamoja na temozolomaidi, ambapo muda wa kati wa kuishi, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliufikia, ulipanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6, na waliokuwa hai baada ya miaka miwili wakawa asilimia 26.5 badala ya 10.4. Miezi miwili na nusu ni kidogo, na ukiisoma takwimu hiyo peke yake unaweza kusema dawa haina maana. Lakini Monika Hegi alichukua vinyama vya wagonjwa 206 kati ya hao na kupima MGMT. Asilimia 45 walikuwa na jeni iliyofungwa. Kwao, mionzi na dawa viliwapa muda wa kati wa miezi 21.7 dhidi ya 15.3 kwa waliopangiwa kuanza na mionzi tu, na asilimia 46 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Kwa wale ambao jeni ilikuwa inafanya kazi, muda ulikuwa miezi 12.7 dhidi ya 11.8. Tofauti hiyo ni ya wiki chache, wakati dawa hiyo humezwa kila siku wakati wa mionzi na baadaye kwa siku tano katika kila siku 28, mizunguko sita.

Nisiifanye takwimu iseme isichosema. Hata katika kundi lenye jeni iliyo wazi, wachache walifaidika: asilimia 13.8 ya waliopewa dawa walikuwa hai baada ya miaka miwili, huku wa mionzi pekee wakiwa chini ya asilimia 2. Ndiyo maana katika nchi tajiri madaktari wengi huendelea kumpa dawa kila mgonjwa mwenye umri na nguvu za kuistahimili, hasa kwa kuwa hawana kitu bora cha kumpa badala yake. Uamuzi huo ni wa busara pale ambapo bima inalipa.

Hapa kwetu mara nyingi analipa mama. Nakumbuka mama mmoja wa Mbagala aliyekuja maabara kuchukua bloku ya nta yenye kipande cha uvimbe wa mwanawe ili ipelekwe nje ya nchi kupimwa MGMT, na ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili kana kwamba ina yai. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kwenye benchi, kisha akaniuliza huku akiangalia sakafu: "Daktari mwanangu, mionzi amemaliza. Sasa wanasema vidonge viendelee miezi sita, na kilichobaki ni kiwanja cha Chanika. Nikiuze?" Mimi si daktari, ingawa huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia, "Mama, la kiwanja siwezi kukuamulia. Lakini mwambie daktari wake kwamba unaomba kusubiri jibu la hiki kipimo kabla hujauza, na umuulize kwa uwazi likija hivi atafanya nini, na likija vile atafanya nini." Akauliza: "Naruhusiwa kumuuliza hivyo?" Swali lake hilo la pili ndilo lililonikera, si kwa sababu yake, bali kwa sababu ya mazoea yetu yaliyomfanya adhani haruhusiwi.

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya wenzangu hawakubaliani nao: mahali ambapo familia inalipa mfukoni, kipimo cha MGMT kinapaswa kutangulia ununuzi wa dawa ya miezi sita, si kuufuata. Hapo ulipaji unabadilisha mizani. Kwa mwenye jeni iliyofungwa, kuuza kiwanja kunaweza kuwa ni kununua muda wa kweli. Kwa mwenye jeni iliyo wazi, ndugu wana haki ya kuelezwa kwamba faida inayotarajiwa ni ndogo, kisha waamue wao. Kufichwa jibu hilo kwa kuogopa kuwavunja moyo si huruma.

Kipimo chenyewe kinategemea kitu kimoja ambacho hakisemwi mikutanoni, nacho ni hali ya kinyama kinapofika maabara. DNA inayopimwa hutolewa kwenye bloku ya nta yenye kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwanza kwenye formalini. Kemikali maalumu hugeuza kila sitosini isiyo na methili kuwa yurasili, kemikali nyingine, na kuziacha zenye methili zilivyo, halafu mashine ya PCR, inayonakili DNA mara nyingi, hutambua tofauti. Kemikali hiyo ni kali na huikatakata DNA. Ikiwa DNA ilikwishachakaa kabla, hakuna kinachobaki cha kusoma. Nimewahi kupokea kinyama cha ubongo kutoka hospitali moja kikiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa yenye shingo nyembamba. Kilikuwa kimesukumwa ndani kikiwa laini, kikagandia humo, na ilibidi tuikate chupa kwa kisu. Formalini yake ilikuwa na harufu ya asidi, ishara kwamba haikuwa imewekewa bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi, na karatasi ya maombi haikuwa na tarehe ya upasuaji, hivyo hatukujua kimeloweka kwa siku ngapi. Kwa hadubini bado tuliweza kuiona glioblastoma vizuri, seli zikiwa zimepangana kuzunguka sehemu zilizokufa. Kwa kipimo cha jeni, kinyama hicho hakikufaa. Chombo cha mdomo mpana, formalini yenye bafa, ujazo wa kutosha na tarehe kwenye fomu ni vitu rahisi kuliko dozi yoyote ya temozolomaidi.

Hata kipimo kikifanyika vizuri, jibu haliji kila mara kama ndiyo au hapana. Maabara hutofautiana katika kiwango cha methili wanachokihesabu kuwa jeni imefungwa, na kuna wagonjwa wanaoangukia katikati. Uvimbe nao si kitu cha sura moja. Seli za upande huu zinaweza kuwa na jeni iliyofungwa na za upande ule ikawa wazi kiasi.

Watafiti hawakukaa kimya kuitazama MGMT ikishinda. Kwa kuwa protini hutumika mara moja tu, wazo la kwanza lilikuwa kuimaliza akiba yake. Walitengeneza molekuli iitwayo O6-benzilguanini, inayojifanya guanini iliyoharibika. Protini huishambulia na kujimaliza, kisha temozolomaidi huletwa ikiwa seli haina kinga. Kimaabara ilifanya kazi. Kwa wagonjwa, kinga iliondolewa pia kwenye uboho, ambao tangu mwanzo una MGMT kidogo, na chembe za damu zikashuka kiasi cha kulazimisha dozi ya temozolomaidi ipunguzwe mno. Wazo la pili lilikuwa kumeza dawa kwa siku nyingi zaidi, siku 21 katika kila 28, ili seli isipate nafasi ya kujaza akiba. Jaribio la wagonjwa 833 lililochapishwa mwaka 2013 halikuonyesha nyongeza yoyote ya maisha, si kwa wenye jeni wazi wala kwa wenye jeni iliyofungwa. Wazo la tatu ndilo linalonivutia kwa ujasiri wake: huko Seattle, Marekani, madaktari walichukua seli mama za damu za wagonjwa wachache, wakaziwekea MGMT iliyobadilishwa asidi amino ya 140 ili isitambuliwe na benzilguanini, wakazirudisha mwilini, na ndipo wakatoa dawa zote mbili. Uboho ulilindwa, uvimbe haukulindwa. Matokeo ya 2014 yalitia moyo, lakini ni tiba ya watu wachache na ya gharama ambayo siioni ikifika Ocean Road karibuni.

Na hata jeni ya MGMT ikiwa imefungwa kabisa, uvimbe una njia nyingine. Niliomba mfumo wa kusahihisha makosa ya kunakili ukumbukwe. Temozolomaidi huua kupitia mfumo huo, kwa hiyo seli ambayo jeni mojawapo ya usahihishaji, kwa mfano MSH6, imeharibika, huacha guanini mbovu na timini yake zikae pamoja na kuendelea kugawanyika. Baada ya miezi ya dawa, seli za namna hiyo ndizo zinazobaki, kama ilivyotokea kwa wale panya, na uvimbe unaporudi huwa na maelfu ya makosa kwenye DNA yake. Huu sasa ni usugu wa aina tuliyoizoea, unaotokana na mabadiliko na uteuzi, na unawapata hasa wale walioanza vizuri. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza molekuli waliyoiita KL-50, ambayo huacha kwenye guanini kidonda kingine, kinachogeuka kuwa kifungo kati ya nyuzi mbili za DNA pasipo kuhitaji usahihishaji. Seli yenye MGMT hukiondoa mapema. Isiyo nayo hufa, hata kama mfumo wake wa usahihishaji umeharibika. Kazi hiyo ilifanyika kwenye seli na kwenye panya.

Kwa mgonjwa aliyeko wodini leo, jibu la MGMT lina matumizi ya wazi zaidi mahali pawili. Kwa mwenye umri wa chini ya miaka 70 na jeni iliyofungwa, jaribio la Ujerumani la 2019 lilionyesha kwamba kuongeza lomustini, dawa nyingine ya saratani, kwenye temozolomaidi kulisogeza muda wa kati kutoka miezi 31.4 hadi 48.1, lakini lilikuwa jaribio dogo, na daktari mwangalifu atalisema hilo kwanza. Mahali pengine ni kwa wazee. Majaribio ya Ulaya yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba mzee ambaye hawezi kubeba tiba zote mbili, ikiwa jeni yake imefungwa, hufanya vizuri zaidi kwa vidonge peke yake, na ikiwa iko wazi, kwa mionzi peke yake. Baadaye, mwaka 2017, ilionekana pia kwamba mzee mwenye nguvu kiasi anaweza kupewa mionzi mifupi ya vipindi 15 badala ya 30, pamoja na dawa, na wenye jeni iliyofungwa wakapata miezi 13.5 dhidi ya 7.7. Kwa mzee aliyeletwa kutoka Kigoma, hii ina maana kwamba akiwa na jeni iliyofungwa anaweza kurudi kwake na vidonge vyake, akapimwa damu katika hospitali ya mkoa kabla ya kila mzunguko, na akiwa na jeni iliyo wazi anaweza kukaa Dar wiki tatu tu kwa ajili ya mionzi na asinunuliwe vidonge hata kimoja.